Mawe ya Redio ya Baba

Juzi, katika duka moja la kubadilisha pesa hapa Busia, walikuwa wanacheza albamu ya roki ya kizamani, ile ya gitaa kavu na kinanda cha mdomo, nami nikasimama mlangoni kama niliyeitwa. Huyu mwimbaji mbona kijana? Mimi, jamani, nilimjua akiwa mzee!

Ngojeni niwaeleze. Kaseti ya albamu ile ilikuwa ya Baba, dereva wa lori kati ya Mombasa na Kampala. Kila alipofika kijijini kwetu Mulanda alileta mawe mapya ya redio, yaani betri, na mwimbaji akaamka: gitaa linakwaruza, ngoma inatembea, kinanda kinalia mpaka mwili unasisimka. Kiingereza sikujua. Nilijiambia ametorokwa na ng'ombe, maana ni nini kingine cha kumliza mwanamume hivyo?

Baba akishaondoka, mawe yalichoka, na mwimbaji akachoka nayo. Sauti ilizama, maneno yakavutika. Hata uzee wake huo niliupenda, kwa sababu ndipo niliposikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Lakini nilikuwa nimeshika jambo moja: mwimbaji akipona, Baba yupo. Basi kumrudisha Baba si ni kumponya mwimbaji tu?

Nikawa naanika mawe juani, kando ya mihogo. Mama alicheka sana.

"Wewe Athieno, na hiyo tutasaga unga?"

Safari moja Baba alikawia kupita kawaida. Mihogo ilikauka, tukaisaga, tukaila, na mawe yangu yakakataa hata jua. Redio ikanyamaza. Nilimkasirikia Baba, na bado nilitamani sana kumwona.

Halafu alasiri moja, nikitoka kisimani, nikamsikia mwimbaji nyumbani, mzima kabisa! Nilitupa dumu, nikakimbia. Ndani hakuna Baba. Jikoni hakuna. Barabarani hakuna lori. Niliporudi ndani, ndipo nilipomwona Mama akicheza peke yake, kitenge kiunoni, jasho linamtoka.

"Baba iko wapi?"

"Hajakuja. Mawe nimenunua mimi."

Akanishika mikono tucheze. Niligoma, nikalia kwa uchungu, nikiona ameniharibia dawa yangu. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba siku ile Mama aliacha kumngoja. Kumbe muziki ule hata yeye alikuwa anaupenda, na hakuna aliyewahi kumuuliza.