Jina la Ubuki Lilivyochukuliwa

Kezia Ntirampeba hakuwa mtu wa kupendwa katika soko la Kasulu, wala hakujisumbua kupendwa. Alinunua asali kutoka kwa warinaji wa Nyakitonto. Aliionja kwa ncha ya kijiti, akatema pembeni, kisha akamwambia mtu mbele ya wenzake: "Hii umeitia maji. Rudi nayo ukanywee uji." Wengine walimwita mkimbizi akigeuza mgongo. Aliwaacha waseme. Wao walikuwa na maneno, yeye alikuwa na wanunuzi.

Alizaliwa Mishamo, makazi ya wakimbizi, kwa wazazi waliokimbia Burundi, na huko alijifunza jambo moja kabla hajajua kusoma: kitu cha maana kiandikwe kwa jina la mwenyeji. Kiwanja, laini ya simu, hata baiskeli. Asiye na uraia aliishi hivyo, akachagua mwenyeji wake kwa uangalifu kuliko alivyochagua mume. Kwa hiyo mwaka 2012, Godson, mwalimu wa kompyuta kutoka Moshi, alipomtengenezea tovuti ya kuuzia asali, Kezia hakufikiri mara mbili. Tovuti waliiita Ubuki, ambayo ni asali kwa lugha ya nyumbani.

"Andika jina lako, Mwalimu," alimwambia.

Godson akaandika jina lake na barua pepe yake. Alikwishafanya hivyohivyo kwa zahanati ya kanisa, kwa kikundi cha wafumaji na kwa shule mbili.

Cheti cha uraia kilipotoka, Kezia alizunguka ofisi zote. Kiwanja kikarudi kwake, laini ya simu ikarudi. Tovuti haikuwa na ua wa minyaa wa kumwonyesha mpaka wake. Ikamtoka akilini.

Mwaka 2015, baada ya Pasaka, Mwajabu alipiga simu kutoka Dar es Salaam, ambako alikuwa na duka la vyakula. Hakusalimia.

"Kezia, asali gani hii umeniletea? Wateja wananirudishia. Sukari tupu."

"Sijakutumia hata ndoo moja tangu mwaka jana."

"Nimeagiza kwenye tovuti yako, umenijibu, mzigo umefika. Leo unanikana?"

Kezia akaifungua tovuti kwenye simu ya binti yake, Ange. Picha zilikuwa zake, mizinga yake, hata mkono wake wenyewe ukishika ndoo. Namba ya simu tu ndiyo ilikuwa ngeni. Akaipiga.

"Ubuki, karibu," ikasema sauti aliyoijua vizuri. Alikuwa Crispin, mwenye duka la steshenari na intaneti karibu na stendi.

Kezia alifika pale akamkuta anatoa fotokopi.

"Umeiba jina langu."

"Jina lako ni Kezia, Mama Ange. Hilo bado unalo." Crispin hakuinua kichwa. "Ubuki lilikuwa la Mwalimu. Wewe una nini cha kuonyesha?"

"Asali."

"Hata mimi ninayo."

"Ya kwako nyuki wake wanauzwa kwa kilo dukani."

Wateja wawili wakacheka. Crispin hakucheka. "Nenda polisi. Waambie umeibiwa jina. Watakuuliza lina rangi gani."

Hakwenda polisi. Alimpigia simu wakala wa usajili wa tovuti aliyeko Dar, akamsumbua mpaka akaeleza. Ombi la kulihamisha jina lilitoka kwenye barua pepe ya Godson, na neno la siri la uhamisho lilikuwa sahihi. Kwenye usajili wanaona mwenye jina amekubali. Hawaoni ni vidole vya nani vilivyoandika. Kezia akaelewa mara moja. Godson alikuwa akisoma barua zake dukani kwa Crispin, kisha anainuka na kuondoka bila kufunga, kama mtu aliyetoka chooni akaacha mlango wazi.

"Basi lirudisheni," alimwambia wakala.

"Mama, kwa kumbukumbu zetu anayeweza kulalamika ni Godson. Alete malalamiko kwa maandishi na kitambulisho, tutalifunga jina wakati tunachunguza. Wewe hatukujui."

Godson alikuwa amehamishiwa Kibondo. Kezia akapanda basi, akamkuta nyumbani kwake akisahihisha madaftari. Akamweleza yote. Godson akasikiliza, akavua miwani, na Kezia akaona uso wa mtu anayetaka kupanga bei.

"Ni kazi hiyo, Mama Ange. Kuandika, kufuatilia. Na ukiangalia, jina ni langu. Tufanye ubia. Nusu kwa nusu, kesho naandika."

"Oya, Mwalimu," Kezia alikataa kwa lugha ya nyumbani.

"Basi kapatane na Crispin."

"Nitapatana naye. Lakini kwanza nipitie zahanati."

"Zahanati ya nini?"

"Si na wao uliwaandikia kwa barua pepe hiyohiyo? Na wafumaji? Na shule? Crispin ana ufunguo wa nyumba zote, ameanza na yangu kwa kuwa ina asali. Nataka nikawaambie ufunguo aliupata wapi."

Godson akavaa miwani tena. "Unanitishia nyumbani kwangu?"

"Nakupangia bei. Wewe umeanza na nusu."

"Nilikusaidia ukiwa huna hata karatasi."

"Nilikulipa. Andika."

Akaandika, kalamu ikikwaruza kwa hasira. Kezia akasoma mstari kwa mstari, akamrudishia aongeze kwamba jina likirudi liende kwa Kezia moja kwa moja. Mlangoni Godson akasema, "Sasa hutawaambia."

"Sikusema hivyo. Waambie mwenyewe kabla ya Jumapili. Jumatatu nawaambia mimi."

Jumatatu ilipofika Godson alikuwa hajasema neno. Kezia akawaambia, kuanzia na zahanati.

Jina lilifungwa, likachunguzwa, likarudi. Wakala alipomuuliza liandikwe kwa nani, Kezia alilitaja lake herufi kwa herufi, akamtaka alirudie kwa sauti. Barua pepe mpya nayo aliifungua mwenyewe, na neno la siri hakumwambia hata Ange. Crispin akafungua tovuti nyingine yenye jina lingine, akaendelea na fotokopi zake.

Kezia akampigia Mwajabu. "Jina limerudi. Agiza, sasa utajibiwa na mimi."

"Kwako jina limerudi," alisema Mwajabu. "Na wateja wangu waliohamia duka jingine atawarudisha nani? Hapa dukani kwangu nimebandika karatasi: asali ya Ubuki sitauza tena. Siibandui."

Simu ikakatika. Kezia akaiweka mfukoni, akachukua kijiti, akamwita mrinaji aliyekuwa akisubiri afungue ndoo yake.