Vidole Vyeupe kwenye Shingo ya Udi

Nilisikia. Kwa miaka mingi nimemkatalia kaka yangu, kwa dharau ya mtu mwenye digrii mbili, lakini nilisikia kama yeye: udi ukilia chumbani kwa baba, kule Mwananyamala, mlango umefungwa, wakati kiharusi kilishaua mkono wake wa kushoto. Udi haupigwi kwa mkono mmoja. Wa kulia unadonoa, wa kushoto unabana nyuzi shingoni. Na zilikuwa nyimbo nzima, za taratibu. Mama, aliyekuwa humo akimkanda, ukimuuliza anasema, "Udi gani?"

Kaka akaamua ni jini. Mie nikaamua ni redio ya jirani.

Baba alipofariki, udi ulifungiwa sandukuni. Juzi kaka, aliyebaki kwenye ile nyumba, akaniletea kwangu Temeke.

"Mke wangu hapati usingizi, unalia wenyewe. Tafuta wa kumpa. Ukikosa, nauchoma."

"Nyuzi zimelegea tu, kaka."

"Haya, msomi. Lala nao wewe."

Sikutaka uchomwe. Baba hakuacha kingine kilichokuwa na sauti. Nikaona nikiutengeneza ukanyamaza, kaka atatulia.

Kipande cha mfupa kinachopanga nyuzi juu ya shingo kilikuwa kimebanduka. Fundi wa kweli angetumia gundi ya moto, ambayo hukubali kubanduliwa siku za mbele. Mie nikanunua supaglu dukani kwa Mangi. Supaglu haisubiri kukauka. Inashikana kwa unyevu wa hewani, na unyevu Dar tunao wa kugawa. Kwenye pengo nikajaza unga wa magadi, nikadondoshea gundi: pakafuka moshi kidogo, pakawa jiwe. Vidole vyangu viwili navyo vikawa kimoja, nikavitenganisha kwa mafuta ya kupikia na matusi. Kisha nikaulaza udi sandukuni, nikafunga kifuniko.

Asubuhi nilipofungua, shingo ilikuwa imeshikwa. Sijui niseme vipi tena. Kwenye ule mti mweusi kulikuwa na alama nyeupe za vidole, zimepangana, hadi mistari ya ngozi inaonekana. Jana yake hazikuwepo. Baba alikuwa na vidole vinene. Hivi vilikuwa vyembamba. Nikapimia vyangu. Vililingana, ila vyangu vilikuwa na gamba la gundi, havina mstari hata mmoja.

Baadaye nilisoma kwamba mvuke wa supaglu ukifungiwa huganda juu ya mafuta ya ngozi, hata yaliyokaa miaka. Asubuhi ile sikujua. Nikapiga picha, nikamtumia kaka, kosa kubwa. Akajibu: "Nakuja na kiberiti."

Nikampigia mama, anayeishi Chanika na kuku wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Nikamweleza.

"Viko upande wa kubania nyuzi?"

"Ndiyo."

"Basi ni mie. Baba yako alikuwa anaona haya, mwanangu. Mpiga udi mzima, ashikiwe nyuzi na mkewe? Nakaa nyuma yake, yeye anadonoa, mie nabana, ananinong'oneza pa kubana. Akaniapisha nisiseme."

"Kaka yuko njiani na kiberiti."

"Mwambie arudishe kiberiti chake mfukoni, aniletee udi wangu leo hii. Na wewe usifute kitu."