Kabla Hamjanichagulia Nyumba ya Wazee

Mwanangu, picha ulizotuma kwenye simu ya jirani nimezikodolea macho mpaka yakaniuma. Vitanda vyeupe, bustani, viti kibarazani. Ati wewe na nduguzo huko Ulaya mmeshakubaliana kwamba mama asikae tena peke yake hapa Mombasa, aende nyumba ya wazee. Sawa. Lakini mbona katika picha zote hizo simwoni mzee hata mmoja? Wako wapi wenye vitanda? Hapo machale yakanicheza, nikaikumbuka siku niliyokwenda Kismayo na bibi yangu.

Nilikuwa msichana nimeanza kuposwa. Bibi alikuwa mjane, akikaa kisiwani kwetu Chovai, na miguu imeanza kumsumbua. Mjomba wangu, mwanawe aliyekuwa Kismayo, akampatia nafasi kwa mama mmoja aliyefungua nyumba ya kutunzia wazee wa visiwani. Bibi akasema, "Nitahamia nikishaona." Tukavuka, yeye na mimi, na ukili wake kwapani, ule utepe wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka. Wanawake wa kwetu walikuwa hivyo, wakienda kuzungumza kwa mtu huku vidole vinasuka.

Mwenye nyumba alijua tunakuja. Tukapewa kahawa na halwa. Sakafu ya vigae, maji ya bomba, mashuka yananukia udi. Weee! Mimi nilishapapenda. Kibarazani wamekaa wazee, wasafi, kimya.

Bibi akamgeukia kikongwe mmoja. "Hujambo, mwenzangu?"

"Hajambo," akajibu mwenye nyumba.

"Watoka kisiwa gani?"

"Huyu wa Darakasi," akajibu tena yeye, anacheka.

"Wala vizuri?"

"Anakula, mashallah, mpaka tunamzuia."

Bibi akautoa ukili, akasuka kidogo, kisha akauweka mapajani mwa yule kikongwe. Vidole vikaushika, vikaendelea pale pale ulipoachiwa. Mwenye nyumba akauondoa taratibu. "Hapa tumewapumzisha kazi, bibi." Mara akaitwa jikoni. Ndipo yule kikongwe akatuinamia, na kwa mara ya kwanza tukaisikia sauti yake.

"Mashua yenu yaondoka saa ngapi?"

Moyo ulinipasuka, mwanangu. Bibi akamshika mkono, akamuuliza ana nani pale mjini. Jioni hiyo tulimtafuta sokoni yule mwana aliyetutajia, tukamweleza. Kama alikwenda kumchukua mamake, sijui, na mpaka leo jambo hilo hunisumbua.

Mjomba alikasirika, akasema bibi ni mtu wa dhana. "Naam, ninazo," bibi akamjibu, "na nitakaa nazo Chovai." Nami hakuniacha. "Na weye uliyependa vigae," akaniambia njiani, "hebu nambie, mle ndani ulimsikia mzee gani akizungumza?"

Basi sikiliza. Sikatai kwenda; magoti yangu nayajua mwenyewe. Lakini usinichagulie kwa picha. Njoo twende pamoja, tusimwarifu mtu, tufike wakati wa chakula cha mchana tuone wanakula nini na nani anakula nao. Niachwe na wazee wenzangu, bila wahudumu kutusimamia, niwaulize wao. Nitataka kujua mlango hufungwa na nani, na nikitaka kwenda kumwona jirani yangu nitamwomba nani ruhusa. Wenyewe wakiniambia ni pazuri, nitahamia na nitakushukuru. Lakini wakitazamana kwanza kabla ya kunijibu, tutaaga vizuri turudi, nawe usininunie. Na yeyote atakayekuja kukuuliza habari zangu nami niko hapo hapo nimekaa, mwambie aniulize mimi.

Mungu akuweke, mwanangu, akupe umri mrefu na watoto wenye subira. Na siku utakapozeeka, ukiulizwa hujambo, akujaalie ujibu mwenyewe.