Nilivyoutuma Ujumbe wa Isangi Bila Kusimama

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu, vikubwa kuliko miguu yangu, na mkuu wa sekretariati aliyenipokea hakunitazama usoni. Alitazama vidole vya mikono yangu. Akasema: "Binti, hapa hatuandikake haraka. Hapa tunaandika mara moja." Sikumwelewa mpaka mchana ule ule, nilipoharibu stensili yangu ya kwanza. Ninyi vijana stensili hamkuijua: ni karatasi yenye nta, unaipiga kwa taipureta isiyo na utepe, herufi zinatoboa, kisha wino unapita kwenye matundu na kutoa nakala nyingi. Ukikosea herufi moja, unapaka dawa, unangoja ikauke, na mkuu amesimama nyuma yako anapumua tu. Lo! Nililia chooni siku ile.

Ilikuwa ofisi ya elimu hapa Kisangani. Jina lake naliacha. Kazi yetu ilikuwa barua za shule: zinazoingia, zinazotoka. Kila barua ilipewa namba na muhuri, ikaandikwa kwenye kitabu, halafu mmoja wetu aliibeba mpaka kwa mwenyewe, na mwenyewe akatia sahihi mbele yako. Sahihi hiyo tuliita décharge, yaani ushahidi kwamba barua imefika mkononi mwake, si kwa jirani yake. Ukiulizwa, unafungua kitabu. Umeshatoka kwenye lawama.

Baadaye nilipelekwa Basoko, mji mdogo mbali kwenye mto, chini ya Inspecteur mmoja mkali, mkaguzi wa shule, aliyekuwa akinusa barua kabla ya kuzisoma. Alikuwa na sababu. Zilikuja kwa baleinière, zile boti kubwa za mbao, pamoja na samaki wa kukausha na mafuta ya mawese, na mara nyingine zililowa. Tulizianika juani kwenye mabati, mawe juu yake. Nilikaa kule miaka, nikaolewa kule, nikarudi Kisangani nikiwa mkuu wa sekretariati mwenyewe. Mama Régine. Watu walianza kusimama nikipita, nami, niseme ukweli, nilipenda.

Directeur wa tatu niliyemtumikia ndiye aliyeleta kompyuta. Kijana mmoja wa ufundi akampa kila mkuu wa ofisi sanduku lake la barua pepe, na neno la siri kwenye kipande cha karatasi. Mafunzo yalikuwa asubuhi moja. Asubuhi moja tu, na mimi stensili nilifundishwa miezi! Lakini nilikaa mbele kabisa, nikauliza maswali mpaka kijana wa watu akatoka jasho. Baada ya wiki chache nilikuwa natuma na kupokea kama niliyezaliwa nayo.

Wenzangu, wapi! Natuma Jumatatu, Ijumaa mtu ananiuliza: "Mama, kumbe ulituma? Ungenipashaka habari." Mwingine alisema alifikiri ni matangazo. Mwingine alifunika kompyuta yake kwa kitambaa cha meza na kuweka maua ya plastiki juu. Damu ilinichemka. Nilisimama kwenye koridoo nikapaza sauti, ofisi zote zisikie: "Mail ya Jumatatu, leo iko Ijumaa! Munapata mushahara ya nini? Macho iko ya kupamba uso?" Niliwataja kwa majina. Waliokuwa wanangoja kwenye benchi walicheka, na kicheko chao kilinipa nguvu ya kuongeza.

Aliyenichosha kuliko wote ni Faustin, mkuu wa ofisi ya mitihani, mtu wa Yanonge, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa walimu wote. Ukimpa karatasi, kesho imekwisha. Ukimtumia barua pepe, hakuna. Ukimuuliza, anatabasamu: "Nitaangalia, mama." Basi kwa muda nilichapa barua zao zote na kuwapelekea mezani, mlango kwa mlango, kama zamani. Halafu nikachoka. Katika mkutano mmoja nilisema mbele ya Directeur: "Tangu leo karatasi imekwisha. Kila mutu na boîte yake ya mail." Directeur akapiga meza: "Vile! Tutoke kwa mambo ya kale."

Majuma machache baadaye, Jumanne, uliingia ujumbe kutoka Isangi. Mwandishi alikuwa mama préfet, mkuu wa shule moja ya sekondari kule. Aliomba radhi kwanza. Ukurasa mmoja wa orodha ya wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho ulikuwa umeachwa wakati wa kunakili, na majina kumi na moja hayakuwemo. Alituma orodha kamili. Majina hayo yaingizwe kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa orodha inafungwa na kwenda Kinshasa, na asiyekuwemo hafanyi mtihani.

Niliusoma wote, na majina pia. Kisha nikaupeleka kwa Faustin kwa barua pepe, nakala kwa Directeur, ambaye wiki hiyo alikuwa safarini. Ofisi ya Faustin ilikuwa mlango wa pili kutoka wangu. Nilimsikia akikohoa nyuma ya ukuta. Nilijua hatausoma. Nilijua vizuri kabisa, kama ninavyojua jina langu. Sikusimama.

Jumatano nikaangalia: hajajibu. Nikafurahi. Nilitafuta neno lingine la kuandika hapa, halipo. Nilifurahi, kwa sababu safari hii nilikuwa na ushahidi wenye tarehe na saa, na nilitaka aanguke mbele ya watu, wote wajue nilikuwa nasema nini siku zote. Alhamisi nikaangalia tena, hajajibu. Ijumaa orodha ikaondoka. Wale kumi na moja sikuwafikiria kabisa. Ningetaka kuwaambia ninyi kwamba niliwafikiria kidogo, lakini itakuwa uongo.

Mama préfet alikuja mwenyewe baada ya kadi za mtihani kufika shuleni kwake bila zile kumi na moja. Alitoka kwenye boti akaja moja kwa moja, pagne yake, kitenge alichojifunga, ikiwa na matone ya maji ya mto. Directeur alituita, mimi na Faustin. Nilikuwa nimeshachapa ule ujumbe. Niliuweka mezani, nikaonyesha kwa kidole: tarehe, saa, jina la Faustin.

"Bon," Directeur akasema. "Mama Régine iko na preuve, ushahidi ya kuonekana. Kosa haiko ya sekretariati."

Faustin aliinamisha kichwa. "Siko na neno, Directeur."

Mama préfet aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Akaniuliza mimi, kwa upole: "Bureau yake iko wapi, mama?"

"Mlango wa pili."

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa."

Alikunja karatasi zake, akazitia kwenye mfuko. Directeur alipiga simu Kinshasa mara mbili, wakakataa. Watoto wale walirudia mwaka, na baadaye nilisikia wawili hawakurudi shuleni tena. Faustin alihamishwa Basoko kama adhabu. Mimi nilipewa barua ya pongezi kwa utunzaji wa nyaraka. Nimeiweka chini ya godoro, watoto wangu wasije wakaitundika ukutani.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani, katika mtaa uitwao commune ya Kisangani. Vijana wa ofisi hunitembelea kulalamika: mama, wenzetu hawasomi mail, tufanyeje? Wanataka nikasirike pamoja nao. Nami nabaki kuangalia mikono yangu. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa ya haki, na kwa kuwa ilikuwa ya haki nilijiruhusu nayo kila kitu. Hilo linanitia haya mpaka leo, hata sokoni, nikimwona kijana wa umri wa wale kumi na moja akisukuma toleka, baiskeli yake ya kubebea abiria, najiuliza kama ni mmoja wao.

Siku ya kuniaga ofisini, Faustin alikuja kutoka Basoko. Sikumwalika, sikuthubutu. Alileta samaki wa moshi, amewafunga kwa majani. Baada ya hotuba tulikaa wawili kwenye benchi uani. Akasema: "Mama, ile mambo ya Isangi, wewe ulifanya kazi yako."

Sikuweza kumeza hilo. "Faustin, nilijua hautasoma. Nilikaa nakungoja uanguke."

Aligeuza lile furushi la samaki mkononi. Halafu akasema polepole, bila ukali: "Mama, mimi ile boîte sikuifunguaka hata siku moja. Siku ya formation, ile mafunzo ya kompyuta, nilikaa nyuma, niliona vichwa ya batu tu. Nilikuwa na haya. Nilifika mara mingi mpaka kwa mulango yako nikuulize, lakini nasikia vile unatukana benzangu mu koridoo, narudia kwa bureau yangu."

"Mara mingi?"

"Hata ile wiki. Mulango ilikuwa wazi. Ulikuwa unaangalia mashine, unacheka peke yako. Nikasema, leo iko na furaha, nisimuharibie."

Alifungua majani, akanisogezea samaki, akasema nile kabla nzi hawajafika. Wenzetu walipita mmoja mmoja kunipa mkono na kunisifia kazi yangu njema, nami nikawa naitika merci, merci sana, naye amekaa pale pembeni yangu.