Mama yangu aliitwa mvivu, kumbe kizazi kilikuwa kinatoka nje

Wakuu, salamu kwenu nyote. Hapa sitii chumvi. Miaka imepita lakini hasira bado ninayo, kwa hiyo lugha ikiwa kali mnivumilie.

Mimi ni Mpare wa milimani, Same. Nilijisomesha kwa kuuza tangawizi, nikapata diploma ya umeme, nikafanya kazi migodini Zambia. Nilirudi miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka yameanza kujaa mitumba na sabuni za kila rangi.

Nilipanda mlimani na mabati, redio ya kaseti na suti mbili. Kijijini nani mwingine alikuwa na diploma? Hakuna. Nasema ukweli tu.

Jambo moja lilinishangaza. Mama, mwanakwaya wa miaka yote, alikuwa haendi tena kanisani. Anashinda jikoni peke yake, na kila siku kanga tatu nne zimefuliwa, ziko kwenye kamba.

Sasa kwetu kuna msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Pembe ikipigwa asubuhi, kila kaya inatoa mtu. Usipofika, wanakuja kuchukua kitu chako. Tulikuwa tunajenga darasa, na wanawake ndio waliobeba mawe kichwani kutoka mtoni.

Mwenyekiti wa kitongoji akaja kuchukua kuku wa mama.

"Mama yako amekuwa malkia siku hizi," akaniambia mbele ya majirani. "Au ile diploma itambebea mawe?"

Watu wakacheka.

Wakuu, nilipaswa kwenda kubeba mimi. Badala yake niliona aibu, mtu mzima na jina langu lote. Nikaingia jikoni. "Mama, unaniaibisha. Nenda leo tu."

Akachukua ngata ya kichwani, akaenda.

Alirudi mchana akitembea miguu imeachana, kanga imelowa mkojo na damu.

Mdogo wangu wa kike, Namsifu, akanivuta nje. "Kaka, kizazi chake kinashuka mpaka nje. Tangu azae yule wa mwisho. Anakirudisha kwa mkono, na mkojo haumsubiri. Alinikataza kukwambia, wewe ni mwanaume."

Tukaanzia zahanati. Mganga hakumpima. "Kazaa saba? Huo ni uzee, atazoea." Akaandika vidonge vya maumivu. Niliyomwambia, moderator atayafuta.

Kesho yake tukafika hospitali ya misheni. Nesi mmoja wa makamo alimpima mama vizuri, kisha kwa ruhusa yake akatueleza sote. Kuna mazoezi ya kukaza misuli ya chini, kama mtu anayezuia mkojo. Yanasaidia, ila kizazi kilichotoka hivyo hayatakirudisha peke yake. Kuna pete ya mpira inayowekwa ukeni kukishikilia, inatolewa na kuoshwa, na lazima arudi kuangaliwa. Na kuna operesheni.

Nikadakia, "Apasuliwe. Leteni karatasi nisaini."

"Kwani kizazi ni chako, baba?" Namsifu akaficha uso. Nesi akamgeukia mama. "Mama, wewe unataka nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza, mimi nikiwemo.

"Nataka nikae ibada nzima bila kulowa," mama akasema. "Kisu nitakifikiria baadaye. Niwekee pete."

Pete ya kwanza ilikuwa ndogo, ikatoka. Ya pili ikakaa. Mkojo haukukoma kabisa, ila ulipungua. Mizigo akakatazwa.

Pembe ikalia tena, mwenyekiti akaja tena. Mama akasimama mlangoni mwenyewe.

"Mwanangu, kizazi changu kinatoka nje. Sibebi tena jiwe. Andika hivyo kwenye daftari lako, ukalisome mkutanoni."

Yule bwana akafunga daftari, akaondoka.

Wiki ile wanawake wanne walikuja jikoni kwa mama, mmoja mmoja, kumuuliza nesi yule anapatikana wapi. Wa nne alikuwa mke wa mwenyekiti. Alikuwa amebeba mawe msimu mzima.

Nilichojifunza: ugonjwa huu una tiba, na zaidi ya moja. Mwanamke apimwe, aelezwe, achague mwenyewe. Anayesema ni uzee amfuate mganga yule wa zahanati.

Na wewe uliyewahi kumwita mama yako mvivu, usipite kimya kimya. Andika hapa chini. Mimi nimeshaandika langu.