Kilicholiwa na Balbu

Juzi fundi wa sola aliunga amita, kile kipimo cha mkondo wa umeme, kwenye waya zangu, nikakumbuka harufu ya dawa ya josho la Kisaka.

Mchana mmoja utotoni mwangu, karibu na josho hilo la kuogeshea ng'ombe, shangazi yangu mwalimu aliunga betri, balbu na amita. Mshale ukapanda. Nikamwomba aihamishie amita upande wa pili wa balbu, maana niliamini balbu inakula umeme. Mshale ukapanda tena hadi palepale.

"Imeharibika!" nilibisha.

"Bhoke, ng'ombe wetu wameingia joshoni wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Wametoka wangapi?"

Nikawahesabu, wanachuruzika maji. Kumi na wawili.

"Sasa josho limekula nini?"

"Kupe."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Leo najua nilipatia. Mkondo wote ulitoka salama, kama ng'ombe; ulichoacha ndani ni nishati tu. Kupe ndio waliowasha balbu.