Shubiri Isiyokuwa Chungu

Ilianza Jumapili, saa nne kasorobo asubuhi. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimesimama chini yake, ukumbini, nikipiga pasi sare yangu ya skuli, pale jirani yetu alipobisha hodi na mwanawe kiunoni.

Jirani huyu ni mwanamke kijana, mwingi wa vicheko, na mimi nikiona mtu wa vicheko hutafuta pa kujificha. Nilimwamkia, nikarudi kwenye pasi yangu. Kumbe alikuja na shida. Mwanawe keshakuwa mkubwa, anakimbia na kutukana, na bado hataki kuacha ziwa.

"Nshamtisha, nshamnunulia visheti, wapi!" alimwambia mama, aliyekuwa jikoni anakuna nazi. "Nnataka jani la shubiri tu, nijipake. Akionja uchungu ataacha mwenyewe."

"Panda juu," mama akamjibu bila ya kuinua kichwa. "Makopo ya mwanangu yamejaa shubiri tele. Kata ulitakalo."

Neno lilinifika kooni: kule juu hamna shubiri hata moja. Lakini mpaka nilipange, lisikike kama adabu na si ubishi, jirani alikuwa keshafika nusu ya ngazi.

Kule juu, kwenye paa letu la sakafu, ndiko ninakootesha vimea vyangu vyenye majani manono. Mmea wa kwanza niliung'oa kwenye mawe ya Jambiani tulipokwenda harusini kwa jamaa za bibi. Majani yake ya duara, kama shanga. Mwengine hutambaa na kuning'inia nje ya kopo kama ndevu. Nauthamini kuliko yote ule alioniletea mjomba, mpishi wa meli, kutoka Afrika Kusini, ameufunga ndani ya soksi. Haujai kiganja. Majani yake magumu, ya kijani kibichi cha kuelekea weusi, yana madoadoa meupe kama mmea uliorushiwa chokaa na mpaka rangi mzembe. Jina lake hakulijua mjomba wala silijui mimi.

Naipenda mimea hii kwa kuwa haina haraka wala haipendi kubughudhiwa. Naiotesha kwenye mchanga wa pwani ninaoukosha mpaka ukiulamba hauna chumvi, nikauchanganya na vipande vya chokaa vinavyobanduka ukutani kwetu. Maji naipa kwa kijiko. Mvua ikianza naifunika kwa kawa, na bibi hulalama: "Kawa ya wali imekuwa mwavuli wa majani! Bado kuyashonea kanzu."

Mwezi ule, mmea wa madoadoa ulikuwa umetoa kijiti chembamba katikati, na nchani mwake vifundo vidogo vya maua. Ulikuwa haujapata kutoa ua tangu uje kwetu. Kila nikimaliza kusali alfajiri nilipanda kuuchungulia, nikiogopa hata kuupumulia.

Kwa hivyo niliisimamisha pasi, nikapanda mbio.

Nilikuwa nimechelewa. Jirani alikaa kwenye kidato cha juu, kanipa mgongo, keshajipaka. Majani yangu ya madoadoa yalilala sakafuni yamekatika, na kile kijiti pamoja nayo. Mimea yote ile, kachagua huo! Mwenyewe alisema baadaye: "Nliuona ndio wenye sura mbaya kuliko yote, nkajua huo ndio mchungu."

Mtoto akaonja. Akamtazama mamake, akatabasamu, akarudi kunyonya kwa pupa.

"Ala! Mbona anafaidi kama nliyepaka asali?"

Bibi alikuwa pembeni anaanika bizari. Akajikongoja, akaokota jani moja, akaligusa kwa ncha ya ulimi. "Shubiri gani hii? Hili tango!"

Wakaangua kicheko wote wawili, na mtoto naye. Hapo ndipo sauti iliponitoka, sijui siku zote ilikuwa wapi. "Si shubiri! Hakuna shubiri hapa! Na hicho mlichokata kilikuwa ua langu!"

"Loo!" jirani akageuka. "Kumbe anasema!" Kisha akaniona uso, kicheko kikamkatika. "Nisamehe mdogo wangu. Nimeambiwa nikate, nikakata. Mie yote naona shubiri."

Mama naye alifika, mikono imejaa machicha ya nazi. "Kwani si shubiri?" akauliza, na aliuliza kweli. "Mie siku zote najua shubiri."

Hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kusema. Nilichutama, nikafukua mchanga kwa kidole. Mzizi ulikuwa umeshika, na majani machache ya chini yalikuwa mazima. Ua ndio basi, lakini mmea ulikuwa hai, nikahisi moyo unarudi mahala pake.

Bibi alimtwangia jirani majani ya mwarobaini. Kabla ya adhuhuri tulimsikia mtoto analia mpaka mtaa wa pili, nami, Mungu anisamehe, nilisikia raha.

Asubuhi ya Jumatatu, maana zamu yangu ya skuli ni ya mchana, niliyapanga yale majani yaliyokatika juu ya ungo, kivulini, vidonda vikauke kwanza, maana ukiyaotesha mabichi huoza. Kisha nikashuka, nikamshika mama mkono akiwa na kikombe chake cha chai, nikampandisha juu. Nikamwonyesha kopo moja moja, kwa sauti ya kusikika: huu wa Jambiani, huu wa ndevu, huu wa mjomba.

"Na shubiri yenyewe iko wapi?"

"Hatuna, mama."

"Basi otesha. Nyumba haikai bila ya shubiri."

Nikatafuta kopo tupu la samli, nikalitoboa matundu kwa msumari, nikalijaza mchanga, nikaliweka mlangoni kabisa, mtu alifikie kabla ya kufika kwenye yangu. Halafu nikavaa buibui, nikapita kwa jirani kumuuliza kama kwao shamba, wanakolima, wana shubiri ya kweli, aniletee chipukizi.